Kwa nini −5 limekataliwa katika mlinganyo wa thamani kamili?

Mwanafunzi, Kisumu:
Hamjambo, walimu wetu. Nimetatua |2x − 5| = 3x nikapata −5 na 1, lakini kitabu kinakubali 1 pekee. Aidha, upeo (tofauti kati ya jibu kubwa na jibu dogo) wa seti ya majibu ya |x − 4| = 9 nimeupata kuwa 8, ilhali kitabu kinasema 18. Nimekosea wapi?

Mwalimu, Nakuru:
Mwanangu, thamani kamili, ile inayoandikwa kwa alama | |, ni umbali wa namba kutoka sifuri, na umbali hauwi hasi. Kwa hivyo ni sharti 3x iwe sifuri au zaidi. Ukiweka −5, upande wa kushoto unakuwa 15 na wa kulia −15, ilhali ukiweka 1 pande zote mbili zinatoa 3. Hatua hii ya kurudisha jibu katika mlinganyo wa awali wanafunzi wengi huiruka, nami huisisitiza kila muhula.

Mzazi, Kakamega:
Kuhusu upeo, majibu ni 13 na −5, nawe ulitoa 5 badala ya −5. 13 − (−5) = 18, yaani mara mbili ya 9, kwa sababu kila jibu liko umbali wa 9 kutoka 4. Fikiria Kisumu, iliyo mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na Nakuru, mita 1,850 hivi: |x − 1,490| = 360 hutoa miinuko yote miwili, na upeo ni 720.

Mwanafunzi, Kisumu:
Asanteni sana. Katika |x + 3| = 2x nimekubali 3 na kukataa −1. Je, ni sawa?

Mwalimu, Nakuru:
Ni sawa kabisa.