Nimenunua chensoo ya zamani laki na ishirini, naombeni msaada kuitambua na kuifufua

Mtoto wa Mufindi:
Wakuu habari za jioni. Nipo Mafinga. Juzi nilienda kijijini kwa mzee mmoja kufuata mbao za kenchi nikakuta chensoo imetupwa chini ya kihenge, vumbi la mbao limegandamana na oili mpaka rangi haionekani. Mzee akasema alipasulia mbao miaka na miaka, halafu kuna fundi aliifungua akairudishia na tangu siku hiyo haijawaka tena, sasa watoto wanataka kuwapa watu wa chuma chakavu waipime kwa kilo. Roho iliniuma kwa kweli, nikatoa laki na ishirini nikaibeba.

Nimeiosha kwa mafuta ya taa na mswaki jioni nzima. Ubavuni imetokea STIHL lakini namba imelika, nasoma sifuri ya mwanzo na sifuri ya mwisho, ya katikati hamna kitu. Ni 070 au 090? Na nitajuaje ni orijino maana kopi zimejaa mjini? Nikivuta kamba inazunguka vizuri, haijajam, ila cheche hamna kabisa, plagi nimebadilisha na bado. Sitaki kuiuza, nataka iwake. Nianzie wapi?

Fundi Kabureta:
Hongera mkuu, hicho ni chuma. Kwanza acha kuivuta vuta. Fungua sailensa, chungulia pistoni kwenye tundu la moshi ukiwa na tochi, zungusha taratibu kwa mkono. Ukiona ubavu wa pistoni unang'aa na mistari ya kiwandani bado ipo basi una mashine, ukiona michirizi ya kushuka wima kama imeparuliwa na msumari jua ilishakula ringi na hapo ujiandae kununua silinda na pistoni.

Kuhusu namba usihangaike na maandishi, pima. 070 na 090 ni ndugu, umbo moja na pistoni zote zinatembea mm 40, tofauti ni kipenyo. Siku ukitoa silinda weka venia, kile kipimo cha kupimia kipenyo, ukipata mm 58 ni 070, hiyo ni kama cc 106, ukipata mm 66 ni 090, cc 137. Vinginevyo utanunua ringi mara mbili.

Mama Mbao:
Mwanangu mimi nimefanya biashara ya mbao Njombe muda mrefu na hizi nazijua kwa kuzishika. Kopi ukipitisha kidole kwenye kingo za bodi inakwaruza, chuma hakijasawazishwa, na plastiki ya mshikio ni nyepesi. Tafuta maandishi yaliyochongwa kwenye bodi lenyewe, stika usiiamini maana stika inachapishwa popote. Ukikuta pameandikwa W. Germany ujue ilitengenezwa kabla Ujerumani mbili hazijaungana mwaka 1990. Ukikuta Brazil pia usikate tamaa, Stihl wana kiwanda kule.

Jirani wa Eldoret:
Sisi huku tunaita pawa soo, na ile 070 ya zamani shida yake ya moto huwa ni moja. Nyingi zina platini, vile vidomo viwili vinafunguka na kufunga chini ya flaiwili (lile gurudumu zito la kwenye shafti), si elektroniki kama za siku hizi. Ikikaa vidomo vinaota kutu ama vinashika mafuta, moto unapotea na koili iko sawa kabisa. Toa flaiwili na pula, usigonge mapezi yake na nyundo yatavunjika. Sugua vidomo na msasa laini sana, upanguse na karatasi kavu, nafasi iwe mm 0.3 hadi 0.4. Na uangalie ile kii ndogo ya kwenye shafti, kama yule fundi aliifinya basi taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche, imehama na hata moto ukirudi haitawaka vizuri.

Fundi Kabureta:
Jirani kasema kweli. Naongezea, mpira wa daiframu wa kabureta ukishakuwa mgumu kama karatasi tupa, usijaribu kuulainisha kwa oili. Na ikiwaka, mchanganyiko uwe petroli mpya na oili ya tustroki, sio oili ya gari namba 40, naona vijana wanaua mashine kwa hilo kila msimu. Mimi hizi za zamani naziwekea moja kwa 25, yaani lita 5 za petroli na mililita 200 za oili.

Mama Mbao:
Na jambo moja nakuomba kama mzazi. Hiyo haina breki ya mnyororo. Ncha ya baa, ule upanga unaobeba mnyororo, ikigusa gogo inarudi usoni na hakuna cha kuizuia. Haina hata raba za kupunguza mtikisiko, na ni kilo zaidi ya 10 kabla hujafunga baa. Usiitumie ukiwa peke yako, vaa kofia ngumu na buti, na usikate kwa ncha. Nimezika mtu kwa ajili ya hiyo ncha.

Mtoto wa Mufindi:
Shikamoo Mama, nimekuelewa na nitafanya hivyo. Asanteni wote.

Mrejesho. Pistoni ni safi, mistari ipo. Kwenye bodi chini ya uchafu nimekuta W. Germany imechongwa, nimekaa nikaiangalia muda mrefu. Leo nimetoa flaiwili, kii ni nzima, ila platini zimelowa mafuta meusi, na mafuta yanatokea kwenye sili ya shafti nyuma yake. Kumbe sili imefungwa kinyume, mdomo umetazama nje badala ya ndani. Yaani mzee kakaa bila mashine miaka yote hiyo kwa kipande cha mpira. Nimesugua vidomo, nikavuta kamba, cheche ya bluu hiyo.

Silinda bado sijatoa, je nibadilishe sili ya upande huu tu au zote mbili?

Fundi Kabureta:
Zote mbili, umri wao ni mmoja. Moja ikivuta hewa mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo, resi inapanda yenyewe, na hiyo pistoni safi unaiunguza kwa mti wa kwanza. Toa ya zamani usome namba yake ndipo uende dukani, na silinda ukiifungua tuletee kipimo.

Mtoto wa Mufindi:
Sawa mkuu. Jumamosi naazima venia gereji. Ikiwaka naipeleka kwa mzee aisikie.