Aliyetundika hedifoni kwenye antena ya theremini yangu akaniambia nitafute stesheni, uzi huu ni wako

Mkono Hewani (mleta uzi):

Ndugu wanajukwaa, ninaandika saa saba na nusu usiku nikiwa bado nimevaa shati la sare ya kamati, kwa sababu kila nikifumba macho ninaliona lile tukio upya na usingizi unakata. Limetokea leo hii katika ukumbi mmoja wa hapa Dodoma, kwenye sendofu ya binti wa mama yangu mdogo, mbele ya watu wasiopungua 300.

Sitamtaja jina, maana hakuna haja. Yeyote aliyewahi kula pilau ya harusi kati ya Kizota na Ihumwa anamfahamu. Ni yule fundi mitambo anayevaa miwani ya jua usiku, ambaye spika zake zikifunguliwa mabati ya jirani huanza kucheza kabla ya wageni, na ambaye kwake muziki wote uliopo chini ya jua una vipimo viwili tu, yaani sauti kubwa na sauti kubwa zaidi.

Mtu huyo, nikiwa katikati ya wimbo wa kumtoa binti, mkono wangu wa kulia ukiwa hewani na bibi harusi mtarajiwa akiwa ameshapiga hatua ya tatu kuelekea meza kuu, alipita mbele yangu, akavua hedifoni zake shingoni, akazitundika kwenye antena ya theremini yangu, chombo changu cha muziki cha umeme. Akazitundika kama mtu anavyotundika kofia kwenye msumari wa ukutani! Theremini ikapiga yowe ambalo nina hakika mbwa wa Chang'ombe na wa Kikuyu walilijibu kwa pamoja, binti akasimama, matarumbeta yakanyamaza, na ndipo yeye akachukua kipaza sauti na kusema, taratibu, ili kila mtu asikie: "Kaka, ukishapata stesheni utujulishe, tusikilize taarifa ya habari."

Stesheni.

Ukumbi mzima ulicheka. Walicheka wazee wa mahari, wakacheka wapishi waliotoka nyuma na miko mikononi, na kuna mtoto aliyecheka akiwa usingizini begani kwa mama yake.

Kwa wasiokifahamu chombo hiki, nieleze kidogo. Theremini haina vitufe, haina nyuzi, wala haiguswi. Ina antena mbili. Ile iliyosimama wima upande wa kulia hutawala wembamba na uzito wa sauti, na ile iliyokunjwa kama kitanzi upande wa kushoto hutawala ukubwa wake. Ndani yake kuna osileta mbili, yaani saketi za kuzalisha mawimbi, zinazotetema kwa kasi ya mawimbi ya redio, kasi ambayo sikio la binadamu halifiki. Moja haibadiliki, na nyingine hubadilika kadiri mkono unavyosogea, kwa sababu mwili wa mpigaji na antena kwa pamoja hufanya kazi ya kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, na tofauti kati ya osileta hizo mbili ndiyo sauti tunayoisikia. Hata mtu akipita karibu, wimbo unayumba. Ndiyo maana mtu anayeipiga husimama kama aliyepigiliwa chini, na ndiyo maana hedifoni zenye chuma na waya mrefu, waya ambao ulikuwa bado umechomekwa kwenye mikisa yake ya kuchanganyia sauti, zilikuwa sawa na kuibebesha antena ile umati mzima kwa mara moja.

Chombo hiki alikibuni Léon Theremin huko Urusi mnamo 1920, akakionyesha mbele ya Lenin mwaka 1922, na Lenin hakumwambia mtu yeyote atafute stesheni. Robert Moog, ambaye jina lake kila mpiga kinanda analijua, alianza kwa kutengeneza theremini akiwa kijana, zaidi ya miaka kumi kabla ya sintesaiza yake ya 1964, chombo cha kuunda sauti kwa umeme. Clara Rockmore, aliyezaliwa Vilnius mwaka 1911 na kuanza na fidla, aliipiga kwa vidole hewani kwa usafi ambao hadi leo hatujaufikia. Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa msumari wa kutundikia hedifoni.

Na ya kwangu sikuinunua. Niliijenga kwa miezi 14. Sanduku lake ni la mninga uliobaki kwa seremala wa Majengo, antena zake ni bomba la shaba la friji lililonyooshwa na kung'arishwa kwa mchanga na limau, na koili zake nimezisokota mwenyewe, nikihesabu mizunguko kwa sauti hadi majirani wakadhani ninasali rozari. Mara tatu nilizisokota nikakosea, mara tatu nikazifumua. Mwezi mzima niliutumia kutafuta mahali pa kuisimamisha ambapo upepo wa Dodoma hautikisi mapazia karibu nayo. Mama mdogo aliniomba mwenyewe nipige, akasema binti yake anastahili sauti ambayo haijawahi kusikika kwenye sendofu yoyote ya mji huu.

Imesikika.

Baada ya hapo shangazi mmoja, mtu mzima ninayemheshimu sana, alinifuata kwenye kona niliyokuwa nimejificha na chombo changu, akanishika mkono kwa huruma na kuniuliza: "Mwanangu, hiyo redio ina mawe au inatumia umeme?" Sikuwa na jibu. Nilimwamkia tu, ingawa nilishamwamkia mara mbili.

Miezi 14, ndugu zangu. Antena iliyopimwa kwa rula hadi milimita. Halafu hedifoni. Halafu stesheni!

Meza ya Nane:

Mleta uzi, pole sana, lakini nilikuwepo na ukweli lazima usemwe. Kabla hedifoni hazijatundikwa ulikuwa umesimama dakika nne ukikunja na kukunjua vidole hewani kama mtu anayefukuza nzi kwenye nyama, na meza yetu yote iliamini kwamba unamwombea binti. Mjomba wangu alikuwa ameshavua kofia.

Mkulima wa Hombolo:

Umekiri kwa maandishi yako mwenyewe kwamba ndani ya kifaa mna mawimbi ya redio, na kwamba kina antena, tena mbili. Sasa fundi amekosea wapi? Isitoshe, stesheni ya treni ya umeme tunayo hapa mjini tangu 2024, hivyo huna haja ya kuitafuta kwa mkono.

Mkono Hewani:

Mkulima, mawimbi ya redio yanazalishwa ndani ya chombo, hayapokelewi kutoka nje. Hakuna stesheni. Nimesema hakuna stesheni!

Mama Vinanda:

Mwanangu Mkono Hewani, wewe umerudi nyumbani na chombo kizima, kwa hiyo usilie peke yako. Mtu huyo huyo, mwenye miwani hiyo hiyo, aliua DX7 yangu. Ni kinanda cha Yamaha kilichotoka 1983, ambacho sauti zake hutengenezwa kwa njia iliyogunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambapo wimbi moja hutikisa jingine hadi ukapata kengele, tarumbeta na kinanda cha umeme kutoka kwenye mahesabu tu. Nilikipata kwa watu wanaoleta mitumba kutoka Japani, na mgongoni kimeandikwa wazi kabisa kwamba kinataka volti 100. Kwa hiyo kila mahali nilikwenda na transfoma yangu ya kushushia umeme, nikaibeba kwenye kikapu kama mtoto mchanga. Siku ya tamasha la kwaya nilitoka nje kupokea wageni, na niliporudi nikakuta ameichomoa transfoma kwa madai kwamba inakula nafasi ya soketi, na kinanda amekichomeka moja kwa moja ukutani, kwenye volti 230. Ulitoka moshi mwembamba wenye harufu ya samaki aliyeungua. Naye akanitazama na kuniambia: "Mama, hivi ndivyo vilivyo vitu vya Kichina." Vya Kichina! Kinanda kimeandikwa Japani kwa herufi zinazosomeka hata gizani.

Meza ya Nane:

Hapo, mama, nakubali. Hilo la Kichina limeniuma hata mimi nisiyepiga kinanda.

Nyaya za Kisasa:

Naomba na mimi nipokelewe, maana mnazungumzia soketi za ukutani wakati wengine tumeunguziwa ndani kwa ndani. Nina kabati dogo la moduli za Eurorack, ule mfumo uliotoka kwa Dieter Doepfer wa Ujerumani katika miaka ya 1990, ambapo unaunda sintesaiza yako kipande kwa kipande na kuunganisha sauti kwa nyaya fupi. Umeme wake huingia kwa utepe wa nyaya wenye mstari mwekundu upande mmoja, na mstari ule unapaswa kukaa upande wa hasi wa volti 12. Binamu yangu, ambaye kila mwenye redio mbovu kuanzia Kisasa hadi Nkuhungu anamfahamu, aliomba "aone tu ndani." Aliugeuza utepe. Kichujio cha sauti nilichokisubiri miezi minne kilikufa kabla sijamaliza kusema subiri, na yeye akasema mstari mwekundu siku zote ni chanya, hata mtoto wa darasa la nne analijua hilo. Alinifundisha mimi, kwenye kabati langu mwenyewe!

Mkulima wa Hombolo:

Lakini kweli nyekundu si huwa ni chanya?

Nyaya za Kisasa:

Kwenye betri ya pikipiki yako, ndiyo. Kwenye Eurorack, hapana. Na wewe nisikuone karibu na kabati langu.

Mpiga Ilimba wa Chamwino:

Nyote mmeumizwa kwa vitu vilivyotoka mbali. Mimi nimeumizwa kwa ilimba ya babu yangu, chombo cha vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Nimeifungia kihisi cha piezo, kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, chini ya ubao, nikaipitisha kwenye kifaa cha mwangwi ili kila kitufe cha chuma kinachopigwa kirudi mara tano kikififia, na tukio hilo hilo la hedifoni linanikumbusha jinsi mtu huyo alivyonifanyia Mei iliyopita. Mwenye kuijua ilimba ya Kigogo anajua kwamba ina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaoipa ule mvumo wa nyuki. Mvumo huo ndio uhai wake. Marehemu mzee Hukwe Zawose, mtu wa huku huku kwetu, aliufikisha mvumo huo kwenye majukwaa ya dunia na hakuna aliyemwambia auzime. Fundi wenu alikata sauti zote nyembamba kwenye mikisa, akaja kuniambia kwa sauti ya daktari kwamba kifaa changu kina "kelele" na kwamba ameshaniponya.

Mama Vinanda:

Amekuponya! Mungu wangu, huyu mtu.

Nyaya za Kisasa:

Mpiga Ilimba, hicho kifaa chako cha mwangwi kinatumia adapta ya volti ngapi? Mimi cha kwangu kimeanza kukwaruza, na nadhani ni hili vumbi letu la kiangazi limeingia kwenye vile vitufe vya kuzungusha. Nilinunua dawa ya kusafishia, muuzaji akaniapia kwamba ni ya kielektroniki, kumbe ina mafuta, na sasa vumbi linaganda kama uji wa ulezi.

Mpiga Ilimba wa Chamwino:

Volti 9, na katikati ni hasi, kwa hiyo angalia mchoro wa plagi kabla hujachomeka. Dawa tafuta isiyoacha mafuta, kisha uzungushe kitufe mwanzo hadi mwisho mara nyingi kabla hujawasha. Na ukimaliza, funika kifaa kwa kanga. Huku kwetu kuanzia Agosti hakuna dawa inayoshinda kanga.

Mkono Hewani:

Ndugu zangu, nawapa pole wote na kila mmoja nimemsoma mara mbili, lakini naomba turudi kwenye uzi. Mtu alitundika hedifoni kwenye antena. Binti alikuwa anatembea. Aliniambia nitafute stesheni mbele ya watu 300, na asubuhi hii mama mdogo amenitumia ujumbe akiniuliza kama kile kifaa kimeshapona.

Meza ya Nane:

Mama Vinanda, samahani, ile transfoma yako ilipona au nayo iliungua? Nina redio ya kaseti ya mzee wangu ya kutoka Japani, imelala stoo kwa sababu hiyo hiyo ya volti 100.

Mama Vinanda:

Transfoma ni nzima kabisa, mwanangu, kwa sababu aliichomoa kabla ya kufanya uharibifu wake. Ni ya wati 100, nayo kwa redio ya kaseti inatosha na chenji inabaki. Ila siiuzi hadi nipate jibu la mwisho la fundi anayekitengeneza kinanda changu, si yule wa miwani.

Mkulima wa Hombolo:

Akisema hakitapona, mimi wa kwanza kwenye foleni.

Meza ya Nane:

Wa kwanza ni mimi. Mama, nitapita Jumamosi baada ya soko.