Naomba ushauri: achari ya nyumbani, nianzie ofisi gani?

Assalamu alaikum wanachama. Mimi na wifi yangu tunatengeneza achari ya embe na pilipili hapa Wete, tunawauzia majirani. Sasa kuna duka la Unguja linataka chupa kila mwezi, ila lataka tuwe na usajili, leseni na alama ya ubora. Jina la biashara najua linasajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara Zanzibar. BRELA ni wakala kama huo, ila wa bara. Kinachonitatiza ni mpangilio: leseni ya baraza la mji nitapewa kabla wakaguzi wa chakula hawajaliona jiko? Na jiko lenyewe ni la uani, la kuni, paa la makuti. Litapita kweli? Lebo nimezizuia kwanza, kuchapisha mara mbili ni hasara. Aliyewahi kusajili biashara ya chakula Pemba anielekeze, tafadhali.