Mtoto wangu kavuliwa boya katikati ya bahari apewe mgeni! Yule kepteni wa Fumba, mnamjua

MamaWatatu_Dar

Wakuu, naandika chumvi ikiwa bado mwilini. Nipo gesti huku Mjini Unguja, watoto wamelala, mume wangu kanyamaza tangu magharibi, na mimi mikono inatetemeka hadi nakosea herufi. Sitamtaja jina. Mnamjua. Yule wa pwani ya Fumba mwenye sauti ya mpiga mnada, anayejiita kepteni utadhani kavuka Bahari ya Hindi mara arobaini kwa kuogelea.

"Mama, mtoto avue, hizo ni za wageni."

Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza nukta. Mtoto ana miaka sita. Tupo baharini, pwani imebaki mstari tu kama uzi wa kushonea, na mtu mzima mwenye ndevu anamwambia mtoto wa miaka sita avue boya la kujiokolea.

Nianze mwanzo. Ndiyo mara yetu ya kwanza kukodi chombo cha tanga. Tumeweka kibubu tangu Januari. Tumekubaliana kwa simu: laki nne na nusu, chombo kizima, siku nzima, sisi watano peke yetu, tanga mwanzo mwisho. Nusu nimemtumia kwa simu wiki mbili kabla. Akasema njooni saa tatu. Saa tatu tumefika, bahari haipo! Maji yametoka yote, chombo kimekaa kule mbali kama punje ya mchele. Tukavua viatu, tukatembea kwenye matope na majani ya bahari, nimembeba mdogo mgongoni, begi la nguo kichwani, nusu saa nzima nachungulia chini nisikanyage fuma, wale wenye miiba. Nilidhani tunahamia Komoro kwa miguu.

Tanga? Tumekwenda kwa mashine ikinguruma na moshi wa dizeli usoni hadi kisiwa cha Kwale. Hayo yote nilimeza. Watoto walifurahi, walipanda ule mbuyu ulioanguka ambao bado unatoa majani, wakaogelea kwenye mikoko maji yalipojaa. Nikasema basi, alhamdulillahi.

Wakati wa kurudi, kwenye fungu la mchanga, tukakuta chombo kingine mashine imezima, kina wageni sita. Sikatai kuwapakia. Baharini mtu hasusiwi, hata angekuwa adui yangu ningempa nafasi. Ila chombo kina maboya manane tu, na mle ndani sasa tupo kumi na wanne ukihesabu na mabaharia. Mume wangu akavua lake mwenyewe bila kuambiwa. Mimi nikavua langu. Ndipo yule bwana akamgeukia binti yangu.

Kile kifungo cha boya kilikuwa kimevunjika tangu asubuhi, wamekifunga kwa kipande cha kamba ya wavu, rangi ya kijani. Akainama, akalifungua lile fundo kwa kucha, taratibu, ana haraka ya nini? Na mtoto wangu akainua mikono juu. Akainua mikono juu kama anavuliwa gauni la shule. Alidhani safari imekwisha. Na aliyepewa ni mwanamume mwenye kifua kama kabati, boya halikumfunga hata mbele.

Hii ni bahari ile ile. Meli ya Skagit ilizama Julai 2012 hapo karibu na Chumbe. Spice Islander ilizama Septemba 2011 usiku, ikienda Pemba, mtaani kwetu tulikaa matanga nyumba tatu wiki moja. Na mtu wa bahari hii hii anafungua fundo kwenye kifua cha mtoto!

"Hizo ni za wageni." Mimi ni nani? Nimelipa kwa majani ya mwembe?

Kijukuu_cha_Makunduchi

Nimemjua sijafika mstari wa tatu. Yule mwenye jino la dhahabu.

MamaWatatu_Dar

Hana jino la dhahabu.

Kijukuu_cha_Makunduchi

Basi kaling'oa. Ni yeye wallahi.

Bweleo1

Si huyo. Ni yule mwenye chombo cha ubavu wa kijani anayepiga taarabu hadi samaki wanahama. Huyo mwaka juzi alinisahau mie fungu la mchanga. Kanisahau! Nimesimama na taulo, maji yanajaa, fungu linapungua chini ya miguu kama sabuni. Nimekuja kuokotwa na wavuvi wa Unguja Ukuu.

MamaWatatu_Dar

Ubavu wake ni mweupe.

Sharobaro_wa_Sinza

Laki nne na nusu kwenda kutazama mchanga. Coco Beach mchanga bure, mihogo mtu anakula na chenji inabaki. Watu mna hela za kuchezea halafu mnakuja kulia humu.

Nahodha_Mstaafu

Dada, pole sana. Mimi nimekaa baharini miaka thelathini na mbili, nisikilize.

Kwanza, ile si jahazi wala nini, kile ni mashua iliyotiwa mashine. Pili, jana mwezi ulikuwa mpevu. Bamvua. Huku Unguja siku za bamvua maji yanakupwa kabisa saa nne asubuhi hivi, yanajaa saa kumi jioni. Tofauti ya juu na chini inafika mita nne. Aliyekwambia njoo saa tatu alijua mtatembea matopeni, au hajui bahari. Ungekuja wakati wa maji mafu, tarehe nane au ishirini na mbili kwa hesabu ya mwezi mwandamo, asubuhi ile ungekuta maji pwani na chombo kinakusubiri.

Tatu, tanga. Msimu huu ni wa kusi, upepo wa kusini. Kutoka Fumba kwenda Kwale unaelekea upepo unakotoka, hiyo inaitwa kwenda bisho, tanga la kwetu halipendi bisho, mtapiga mbisho hadi adhuhuri na watoto watatapika hadi maziwa ya utotoni. Kwa hiyo kwenda ni mashine, kurudi ndiyo wanatweka tanga upepo uko mgongoni. Nahodha mkweli angekwambia hivyo kabla hujatuma hela. Mtu mwenye watoto na ni mara ya kwanza namshauri asubiri kusi lilegee, Oktoba hivi.

Ila boya la mtoto halivuliwi. Hata chombo kikiwa juu ya nanga halivuliwi.

MamaWatatu_Dar

Asante baba yangu. Umeona? HALIVULIWI. Na yeye alifungua kwa kucha, taratibu. Mtoto kainua mikono.

Sharobaro_wa_Sinza

Na wewe mama mtu ulikuwa wapi wakati fundo linafunguliwa? Mpaka limekwisha kufunguliwa unatazama?

MamaWatatu_Dar

Nilikuwa upande wa pili wa mlingoti, nimemshika mdogo, chombo kinayumba na watu sita wageni wamekaa miguuni pangu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mume wangu ndiye aliyemrudia yule mgeni, na yule mgeni wa watu hakujua lolote, alipoelewa alivua mbio, uso umemwiva kama nyanya, akamvalisha binti yangu mwenyewe na kumfunga ile kamba ya kijani. Mgeni kaona aibu. Mwenye chombo hakuona! Alikuwa anakata nanasi!

Sharobaro_wa_Sinza

Sawa. Hapo kwenye nanasi naungana na wewe.

Bi_Mkubwa_Chukwani

Mwanangu nenda Mamlaka ya Usafiri Baharini kesho asubuhi, usiende na hasira, nenda na risiti ya simu na picha. Kila chombo cha abiria kinatakiwa kiwe na boya kwa kila roho iliyomo. Kila roho, si kila mgeni. Na siku nyengine ukifika pwani, kabla hujapanda waambie wakutolee maboya yote uyaone, uhesabu kwa kidole. La mtoto lilingane na mtoto, lile la mtu mzima linamvuka kichwani akitumbukia majini. Wakikununia, rudi zako. Na mkubaliane kabisa kama ada ya hifadhi ya bahari ya Menai imo kwenye bei au haimo, na chakula kimo au hakimo.

Msafiri_wa_Likoni

Hii stori imenikumbusha Shimoni huku Kenya, wacha tu. Tulilipa kwenda Kisite na Wasini kuona pomboo. Tukalipa ya boti, tukalipa ya mbuga, tukafika Wasini tukaambiwa tulipe tena kutembea kwenye ule ubao juu ya mikoko. Pomboo tumeona mmoja, kwa mgongo. Guide akatuambia "leo wamechoka." Pomboo wamechoka! Na mimi niliyetoka Mombasa na matatu mbili na watoto wanne sijachoka?

Kijukuu_cha_Makunduchi

Afadhali nyinyi mumeona mgongo. Kizimkazi maboti ishirini yanamfukuza pomboo mmoja, kila nahodha anawaambia watu rukeni, rukeni! Nimeruka, nimetokea uso kwa uso na Mtaliano.

Mtu_wa_Kilindoni

Nyote njooni Mafia muone papa potwe, kuanzia Oktoba mpaka Februari. Samaki mkubwa kama basi na hana habari na mtu. Tatizo letu ni kufika tu. Boti ya kutoka Nyamisati inafuata maji, si saa ya ukutani. Wiki iliyopita nimeambiwa saa mbili, tumeondoka saa saba, na kuku wa mtu kanitagia kwenye mkoba.

Bweleo1

Yai ulimpa mwenyewe?

Mtu_wa_Kilindoni

Mkoba wangu, yai langu.

Bi_Mkubwa_Chukwani

Hapana, yai la mwenye kuku. Hiyo ni dhuluma.

Nahodha_Mstaafu

Kuku hapakiwi ndani ya mikoba ya watu. Kuku anawekwa kwenye tenga, tenga linawekwa omo, mbele ya chombo.

Msafiri_wa_Likoni

Na pweza je? Wasini tuliletewa pweza wa nazi, ukimtafuna anakutafuna na wewe. Nilimtafuna kutoka Wasini hadi Ukunda.

Bi_Mkubwa_Chukwani

Pweza huyo hakupigwa. Pweza akitoka majini anapigwa kwenye jiwe, anapigwa mpaka atoe povu, halafu unamchemsha bila kumtia chumvi. Ukimtia chumvi mapema anakuwa mpira.

Kijukuu_cha_Makunduchi

Bi Mkubwa, kwetu tunamtilia papai bichi.

Bi_Mkubwa_Chukwani

Papai bichi ni la nyama ya ng'ombe. Usinipandishe presha.

MamaWatatu_Dar

Jamani, mtoto. Amezinduka usingizini sasa hivi kaniuliza, "Mama, kwani sisi si wageni? Si tumetoka Dar?" Nimekosa la kumjibu. Kesho naenda huko Mamlaka, na risiti ninayo, na picha ya ile kamba ya kijani ninayo. Kama kuna mwingine alivuliwa boya na huyo bwana aje tuandike pamoja. Kucha zake nitazikumbuka mpaka naingia kaburini.

Bweleo1

Mie nakuja. Ila nikija nitaandika yangu ya fungu la mchanga na taulo.

Sharobaro_wa_Sinza

Kuna mtu anajua boti ya mwisho ya kurudi Dar kesho ni saa ngapi? Mara ya mwisho nimekatiwa tiketi ya kiti, nimefika kiti kina mtu na mtu ana tiketi ya kiti hicho hicho. Nimesimama hadi bandari ya Malindi, Unguja.

Msafiri_wa_Likoni

Afadhali wewe umesimama. Mimi feri ya Likoni imenibeba na gari la ng'ombe.

Kijukuu_cha_Makunduchi

Bi Mkubwa, huyo pweza unamchemsha muda gani?

Bi_Mkubwa_Chukwani

Akiwa wa ratili mbili, mpaka uma uingie bila kulazimisha. Maji usitie mengi, mwenyewe anatoa yake. Tui jepesi unatia mwanzo, tui zito mwisho kabisa, na usifunike.

Mtu_wa_Kilindoni

Sisi tunafunika.