Mjadala: Ndege moja, ucheleweshaji mmoja, kwa nini fidia apate mmoja?

Mleta mada:

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana limenikaa rohoni tangu niliporudi safari na mama yangu.

Swali langu ni hili. Shirika la ndege la kigeni likichelewesha abiria kwa sababu zake lenyewe, je, fidia itegemee nchi ambayo abiria alianzia safari, au walipwe wote waliokuwa na kiti kwenye ndege ile? Mimi nasema walipwe wote. Nieleze yaliyotupata, kisha nanyi mseme.

Mama ana miaka 71 na anatumia insulini. Tulikata tiketi ya kwenda na kurudi kwa shirika la kigeni ambalo, kama yalivyo mengi, huwapitisha abiria kwenye uwanja wake wa nyumbani kwanza. Ndege ya awali sina la kulalamika. Wahudumu walikuwa na adabu, na chakula cha mama kisicho na sukari kililetwa kama tulivyoagiza. Balaa lilitukuta kwenye uwanja wa kubadilishia ndege. Tulitakiwa kuondoka saa 5:30 usiku. Tumeshapanga foleni getini, kadi za kupandia mkononi, ubao ukabadilika: ndege imechelewa. Saa 6 ukabadilika tena. Ilipofika saa 8 usiku ndipo mtu akatangaza kwenye kipaza sauti, kwa lugha mbili ambazo mama haelewi hata moja, kwamba kuna hitilafu ya kiufundi na tusubiri. Tuliondoka saa 4:30 asubuhi.

Kilichonitesa usiku ule ni dawa. Akiba yote ya insulini ilikuwa kwenye kifuko cha baridi, na vile vipande vya kupoozea vilikuwa vimeshayeyuka. Nikaenda kaunta. Dada wa pale akaniambia hawana jokofu la abiria, hoteli imejaa, na akanipa vocha mbili za chakula. Kijana wa mgahawa ndiye aliyetusitiri: alijaza barafu kwenye mfuko wa plastiki bila kudai chochote, nami nikauzungushia taulo ili barafu isigusane na dawa, kwa kuwa insulini ikiganda imeharibika. Mama alikuwa amevimba miguu. Nikalipia kile chumba cha kupumzikia kinachokodishwa kwa saa, alale kidogo.

Sasa sikilizeni. Kwenye foleni ya kaunta nyuma yetu alikuwapo mwanafunzi aliyeanzia Paris, tiketi moja hadi mji uleule tuliokuwa tunakwenda sisi. Akanionyesha kwenye simu yake Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, akasema, "Mama, mimi hawa watanilipa." Baada ya miezi mitatu akaniandikia kwamba ameshapokea yuro 600. Sisi tulipokea barua ya pole na maili za zawadi za kutumia kwenye safari nyingine.

Nilisoma ili nielewe. Kanuni ile inamlinda kila anayeondoka kwenye uwanja ulio ndani ya Umoja wa Ulaya, hata kama shirika ni la kigeni. Anayeingia Ulaya akitoka nje analindwa pale tu shirika linapokuwa la Ulaya. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba kufika ukiwa umechelewa saa 3 au zaidi kunastahili fidia sawa na safari iliyofutwa. Mwaka 2018, katika kesi ya Wegener dhidi ya Royal Air Maroc, abiria aliyetoka Berlin kwenda Agadir kupitia Casablanca, mahakama hiyo ikasema tiketi moja ni safari moja, hata kama ndege imebadilishwa nje ya Ulaya. Ndiyo maana mwanafunzi yule alilipwa kwa ucheleweshaji uliotokea mbali kabisa na Ulaya.

Kwa hiyo shirika lilikuwa na uwezo wa kulipa, na utaratibu wa kulipa lilikuwa nao. Mama yangu amecheleweshwa na ndege ileile, saa zilezile 11. Tofauti yao ni nini hasa?

Mchangiaji wa kwanza:

Pole sana kwa mama, na hongera kwa kuilinda dawa.

Ila mleta mada, usiwaambie watu kwamba huna haki yoyote. Upo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioanza kutumika Novemba 2003, na nchi zaidi ya 130 zimejiunga. Kifungu cha 19 kinasema shirika linawajibika kwa hasara inayotokana na kuchelewa kwa abiria au mzigo, isipokuwa likithibitisha kwamba lilichukua hatua zote za busara kuizuia. Kuthibitisha ni kazi yao, si yako. Kiwango cha juu kwa abiria aliyecheleweshwa, tangu tarehe 28 Desemba 2024, ni 6,303 SDR, kile kipimo cha thamani ya fedha cha Shirika la Fedha Duniani, ambacho SDR moja huzidi dola moja ya Marekani.

Una miaka miwili ya kufungua kesi tangu siku uliyofika. Na kwa tiketi ya kwenda na kurudi, mwisho wa safari kisheria ni pale ulipoanzia, kwa hiyo unaweza kuwashtaki nyumbani kwako bila kuwafuata kwao.

Mchangiaji wa pili:

Mimi nitakwenda kinyume na wengi, mnisamehe.

Fidia ya mkupuo ina ubaya wake. Yuro 600 mara nyingi inazidi nauli yenyewe. Ndege moja ikiharibika ikiwa na abiria 250, piga hesabu mwenyewe: ni yuro 150,000 kwa usiku mmoja. Shirika kubwa litastahimili. Shirika dogo litaiacha njia hiyo, au litapandisha nauli, na atakayeumia ni huyohuyo mama.

La pili ni usalama, na hili ndilo linalonitisha zaidi. Fundi akiona hitilafu, nataka aseme "hairuki" bila mtu yeyote kumkumbusha hesabu ya fidia. Kanada wameliona hilo. Kanuni zao za mwaka 2019 zinalipa hadi dola 1,000 za Kanada kwa kuchelewa saa 9 au zaidi kwa shirika kubwa, lakini hitilafu inayohusu usalama imetolewa kwenye fidia. Shirika linabaki na wajibu wa chakula, malazi na kukufikisha. Ulaya hawakuitoa: tangu kesi ya Wallentin-Hermann ya mwaka 2008 kwenye mahakama ileile ya Ulaya, hitilafu ya kawaida ya kiufundi haikubaliki kuwa kisingizio. Mimi niko na Kanada.

Kwangu kosa lao kubwa halikuwa kuchelewa. Kosa ni kumwacha mgonjwa wa miaka 71 kwenye kiti.

Mchangiaji wa tatu (aliyewahi kufanya kazi kaunta):

Nimefanya kazi hiyo miaka sita, niseme kidogo.

Yule dada wa kaunta huenda hata hakuwa mwajiriwa wa shirika. Viwanja vingi hutumia kampuni za kuhudumia ndege, zinavaa sare ya shirika leo, kesho sare nyingine. Sisi tulikuwa tunapigwa kelele usiku kucha na hatukuwa na mamlaka ya kumpa mtu chumba kabla meneja wa zamu wa shirika hajaidhinisha. Meneja mwenyewe yuko ofisini, simu haipokelewi.

Lakini nakiri jambo moja. Tulikuwa na orodha. Ndege ikichelewa, abiria walioanzia Ulaya waliwekewa alama na walipewa hoteli kwanza, kwa kuwa kule sheria inataka wahudumiwe na wapewe maelezo ya haki zao kwa maandishi. Waliobaki tuliwaambia wasubiri. Vyumba vilikuwa vinaisha kweli. Vilikuwa vinaisha kwa sababu kuna waliotangulizwa. Kuna usiku nilimrudisha mwanamke mwenye mtoto mchanga kwenye benchi kwa sababu hakuwa na alama, na sijamsahau.

Mleta mada:

Ahsante kwa kulisema hilo, dada au kaka. Yule wa kaunta sina kinyongo naye, naye alikuwa amechoka.

Mchangiaji wa pili, hoja ya usalama naiheshimu na nimeilala nayo jana. Lakini angalia: mashirika yanayoondoka Ulaya yamekuwa chini ya kanuni ile kwa miaka 20 sasa, na rubani na fundi bado wana neno la mwisho. Hofu ya kulipa ingeweza pia kulisukuma shirika kuweka ndege ya akiba na vipuri karibu. Sisi tulikwama kwenye uwanja wao wa nyumbani, penye karakana yao!

Na hiyo Kanada uliyoitaja inanisaidia mimi pia. Kanuni zao zinagusa safari za kuingia na za kutoka, bila kujali shirika ni la nani. Hii inaonyesha nchi yoyote inayoruhusu ndege za kigeni kutua kwake inaweza kuweka masharti ya namna hiyo. Tukubaliane basi hata na kiwango cha chini: chakula, mahali pa kulala na maelezo kwa lugha inayoeleweka, kwa abiria wote, wagonjwa na wenye watoto kwanza. Fidia ya fedha tuendelee kuibishania.

Mchangiaji wa nne:

Wengi wanaosoma hapa wamewahi kupotelewa na mabegi, niwakumbushe. Usitoke uwanjani bila kufungua ripoti pale kaunta ya mizigo na kupewa namba yake, na usitupe kile kistika chenye namba 10 ulichobandikiwa kwenye tiketi. Begi likiharibika, andika dai ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Malalamiko ya mdomo hayahesabiki.

Mleta mada, je, umewaandikia kwa Mkataba wa Montreal au ulilalamika tu?

Mleta mada:

Nililalamika tu, kwa uchungu, kurasa mbili. Ndiyo nikajibiwa kwa maili.

Baada ya kusoma mchango wa kwanza nimeandika upya, ukurasa mmoja. Nimetaja kifungu cha 19 na nimeorodhesha vitu vitatu: chumba cha kupumzikia kwa saa 6, ada ya miadi ya kliniki ya macho ambayo mama aliikosa asubuhi ile na tukalipa upya, na usiku mmoja wa ziada wa malazi tukisubiri miadi mpya. Risiti zote ninazo, pamoja na barua ya kliniki yenye tarehe mbili. Maili nimezikataa kwa maandishi. Naituma kesho, nikijibiwa nitarudi hapa.

Nilimuuliza mwanafunzi yule alituma risiti gani. Alisema hakuombwa risiti hata moja, alijaza namba ya tiketi na namba ya akaunti tu.