Mama hajawahi kuvuta sigara, kaambiwa ana COPD (ugonjwa sugu wa mapafu). Naombeni ushauri

Mtoto wa Nansio
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mama yangu ana miaka 63, yuko Ukerewe. Tangu sijazaliwa kazi yake ni kubanika sangara. Tanuri la udongo liko nyuma ya nyumba. Anachochea kuni usiku kucha, alfajiri anapanga samaki kwenye matenga. Sote watano tumebebwa mgongoni mbele ya tanuri lile, na ada yangu ya shule ilitoka humo.

Kikohozi kilianza kama miaka 9 iliyopita. Kila asubuhi makohozi, tukasema ni baridi ya ziwa. Kisha akawa anatweta akipanda kilima cha kwenda kanisani, zahanati wakaandika pumu. Mwezi uliopita tulivuka naye Mwanza. Wakampulizisha kwenye mashine, wakampa dawa ya kuvuta, wakampulizisha tena. Daktari akasema ni COPD, njia za hewa zimeziba na zilizoharibika hazirudi. Halafu akamuuliza mbele za watu, "Umevuta sigara miaka mingapi?" Mama alilia njia nzima hadi kwenye meli. Hajawahi kushika hata kipisi.

Nyumbani sasa maneno ni mengi. Shangazi anasema karogwa na mshindani wa biashara. Kaka anasema ni TB aliyougua 2008 haikuisha, ingawa dozi alimaliza. Wenye ujuzi, hasa chanzo ni nini?

Tabibu wa Zamu
Pole sana ndugu, na mpe mama pole. Swali la sigara huulizwa kila mgonjwa, ila kuna namna ya kuuliza.

Mwambie mama hivi: mapafu hayajui moshi umetoka kwenye sigara au kwenye kuni. Vumbi laini la moshi linafika ndani kabisa, linachubua njia za hewa siku baada ya siku, zinavimba, zinajaa makohozi, zinasinyaa. Vifuko vidogo vya hewa navyo vinachanika. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO), katika nchi tajiri sigara inabeba zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wa COPD. Kwetu huku inabeba kama asilimia 30 hadi 40. Waliobaki ni moshi wa jikoni, vumbi la kazini, TB ya zamani, vichomi vya utotoni, waliozaliwa na uzito mdogo, walioishi na pumu isiyotibiwa. Wapo wachache pia wanaozaliwa na upungufu wa protini inayolinda mapafu.

Kaka yako hajakosea sana. TB iliyopona huacha makovu, na mwenye makovu yuko hatarini zaidi. Kwa hiyo usitafute mkosaji mmoja. Mama alikuwa na moshi wa miaka 40, juu yake TB. Ila kama anapungua uzito, anatoka jasho usiku au anakohoa damu, apimwe makohozi upya, msikae mkisema ni COPD tu.

Baba alikuwa anavuta ndani ya nyumba?

Mtoto wa Nansio
Alivuta hadi alipofariki 2015. Sikuwahi kulihesabu hilo.

Karasha Nyarugusu
Mimi sikuvuta sigara wala sikupika. Nimesaga mawe ya dhahabu miaka 11, kitambaa puani basi. Vumbi lile jeupe ndilo lililonimaliza. Sasa nikibeba ndoo moja napumzika mara mbili. Nashangaa wanaosema kulogwa, mbona tulioko karashani wote tumelogwa pamoja?

Mama Asali
Jaribuni kumfukiza kwa mwarobaini, jirani yangu alifunguka kifua.

Tabibu wa Zamu
Mama Asali, najua una nia njema, lakini tafadhali asifukizwe chochote, na ubani ndani ya chumba uachwe. Pampu, yaani ile dawa ya kuvuta, haiponyi, inafungua njia apumue na kupunguza kuzidiwa. Mhudumu amwonyeshe namna ya kuivuta. Wengi dawa inaishia mdomoni. Atembee kila siku kadiri anavyoweza, na muulize daktari kuhusu chanjo ya mafua na ya kichomi. Muhimu kuliko yote, asirudi kwenye moshi.

Mtoto wa Nansio
Mama ameacha. Tatizo ni mdogo wangu wa kike. Ndiye amerithi tanuri, ana mtoto wa miezi 7, anambeba mgongoni akichochea kama tulivyobebwa sisi. Tangu wiki iliyopita mdogo wangu naye anakohoa. Nikimwambia aache, ananiuliza watakula nini, na mimi sina jibu.

Binti Kibirizi
Usimwambie aache kazi, mbadilishie tanuri. Sisi Kigoma kikundi chetu kilijengewa la aina ya Thiaroye, lilibuniwa Senegal kwa kushirikiana na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Sehemu ya kukaushia imetenganishwa na ya kutia moshi, mafuta ya samaki yanakusanywa hayadondoki kwenye moto, na kuni zinatumika chache. Moshi upo bado, lakini humezi tena kama zamani. Kabla hajalipata, achome kuni zilizokauka, tanuri litoke uani kwenye upepo, akae upande upepo unakotokea. Mtoto abaki na bibi yake, mbali. Na hicho kikohozi akipime sasa.

Mtoto wa Nansio
Nimempigia simu sasa hivi. Mtoto kesho anahamia kwa mama, na Jumatatu wanakwenda wote kupima. Dada, hilo tanuri mlitumia tofali za kuchoma au bloku? Na lile la kikundi linatosha wanawake wangapi kwa usiku mmoja?