Kunyanyulishwa kinyago mbele ya ukumbi mzima eti watoto wamefeli la saba!

Babu wa Mwambao (mleta mada)

Wakuu, naandika mikono bado myeusi. Wa Kigoma mnamjua huyu bwana, sina haja ya kumtaja. Yule wa kaunda suti, anayekohoa kwanza ndipo asalimie.

Leo kulikuwa na kikao cha tathmini ya matokeo ya darasa la saba. Wameitwa walimu wakuu, maafisa elimu kata na sisi wenyeviti wa kamati za shule. Wa mwambao wa Ziwa Tanganyika tumesafiri na boti usiku kucha, barabara kwetu ni hadithi. Nimefika, nimekaa nyuma kabisa, nasubiri soda. Shule za juu zikaitwa, vikombe, vyeti, vigelegele. Sawa. Mara muziki ukazimwa, yule bwana wa kaunda suti akakohoa, akasema, "Sasa tuwaone wenzetu walioshika mkia."

Mwalimu wangu mkuu mjanja, alishapata malaria tangu jana. Nikaitwa mimi.

Kinyago, wakuu! Kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, mdomo wazi, jino moja, kimepakwa dawa ya viatu hata haijakauka. Nikakipokea kwa heshima zangu nirudi kitini. Akanishika bega: "Nyanyua juu mzee, wakione."

NYANYUA JUU MZEE, WAKIONE. Mimi! Mtu mwenye wajukuu, kijijini ndiye ninayeamua hata ugomvi wa mipaka ya mashamba! Ukumbi ulicheka mpaka feni zikasimama. Mpiga picha naye akasema nigeukie dirishani kuna mwanga.

NECTA wenyewe, baraza la mitihani, waliacha kutangaza shule kumi bora. Yeye ameenda kwa fundi kuchongesha ya mwisho. Hela ya kinyago ipo, ya chaki haipo. Kwetu la kwanza na la pili wanasoma chumba kimoja, hawa wanatazama ubao wa mbele, wale wa nyuma, na binti wa kujitolea yuko katikati anageuka geuka mpaka kizunguzungu. Huyo hajanyanyuliwa juu na mtu.

Niko gatini nasubiri boti. Nahodha ameshaniambia kinyago kina nauli yake.

Kilaza Mstaafu

Nimekaa pale na mgebuka wangu. Weka picha.

Dumu la Mawese

Pole mkuu. Ila umeandika gazeti zima hujasema wastani wenu ulikuwa ngapi kati ya 300.

Babu wa Mwambao

Wastani si mada. Mada ni "nyanyua juu".

Dumu la Mawese

Basi haukufika hata 100 😂😂

Chaki Nyeupe

Mimi nafundisha mwambao huohuo, acheni kumcheka mzee. Mwezi ukiingia giza, dagaa wanavuliwa, na wavulana wa la sita na la saba wako ziwani na karabai mpaka alfajiri. Asubuhi anakuja darasani ananuka mafuta ya taa, analaza kichwa kwenye dawati. Unamwamsha umfundishe sehemu? Mwenzako jana kaingiza hela kuliko posho yako, ambayo nayo hujalipwa.

Na hesabu ya pesa ni hii. Ruzuku ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kiwango kilekile cha tangu MMEM, ule mpango wa elimu ya msingi wa 2002. Toa 4,000 ya vitabu, shuleni inafika 6,000. Gawanya kwa siku 194 za masomo: shilingi 31 kwa siku. Hata pipi hupati. Halafu mnashangaa kinyago kimepakwa dawa ya viatu badala ya vanishi.

Kaunda ya Kijivu

Tuseme ukweli, kinyago kinaamsha watu. Wazazi mmeachia serikali kila kitu tangu elimu bila malipo ianze 2016. Ukimwomba mzazi debe la mahindi ya uji wa shule, anakutajia Rais.

Kilaza Mstaafu

Mkuu Kaunda, kohoa kwanza tukusikie.

Babu wa Mwambao

NI YEYE HUYU. Wallahi ni yeye!

Kaunda ya Kijivu

Mimi ni fundi cherehani Kibondo, mzee. Tulia.

Tumbaku Mbichi

Nyie angalau mtoto anarudi na samaki. Huku kwetu Tabora msimu wa kuchuma ukifika, nusu ya darasa iko shambani na nusu iko kwenye mabani inachochea kuni. Tumbaku ikiuzwa, malipo ya AMCOS, chama chetu cha ushirika, yanakuja baada ya mtoto kuoa. Anzisheni uzi wetu na sisi.

Binti Manyovu

Hapa si AMCOS, ni elimu. Na walimu je? Anapangiwa huku, anaripoti, anachukua barua, wiki hiyohiyo ana uhamisho wa kumfuata mume Dodoma. Mume mwenyewe hajampata bado.

Chaki Nyeupe

Dada, ukikaa chumba cha popo wewe ungemtafuta huyo mume hata mtandaoni. Tulipeni malimbikizo kwanza.

Dumu la Mawese

Subirini 2027, la sita wa mtaala mpya na la saba wa mtaala wa zamani wanamaliza mwaka mmoja. Babu andaa mikono yote miwili.

Babu wa Mwambao

Nimepanda boti. Mama mmoja ananiuliza nimekinunua bei gani. Nimemwambia cha babu yangu. Narudia, "nyanyua juu" mbele ya…

Mwisho wa Reli

Boti gani hizo bado mnapanda usiku? Tangu meli ya Liemba iingie matengenezo watu wa mwambao mmekuwa mizigo tu. Hilo ndilo la kuanzishia uzi.

Kilaza Mstaafu

Babu, ukishuka niletee dagaa kilo mbili. Huku Dar tunauziwa wa Mwanza tunaambiwa ni wa Kigoma.

Tumbaku Mbichi

Tofauti iko wapi? Dagaa ni dagaa.

Binti Manyovu

Umesemaje wewe???

Dumu la Mawese

Mods, mpeni ban huyu wa Tabora. Wa Mwanza ana mchanga, wa Kigoma unamkaanga na mawese unakula na kichwa chake.

Tumbaku Mbichi

Mchanga ni wa anayeanika chini. Mwanza siku hizi wanaanika kwenye vichanja. Bei ya kwenu nani anaiweza?

Binti Manyovu

Kama huiwezi kula majani yako ya tumbaku.